Nyundo na Chekeche za Kinu: Bei Ihesabiwe kwa Gunia



Katika vitabu vya vyama vinavyosaga chakula cha kuku na ng'ombe, ukurasa wa vipuri ndio usomwao kwa haraka kuliko kurasa zote. Bodi hupokea hati tatu za bei, huchagua iliyo ndogo, na kikao huendelea na mambo mengine. Miezi michache baadaye stakabadhi ya seti nyingine ya nyundo imekwisha ingia, gharama ya umeme nayo imepanda, na hakuna aulizaye sababu.

Nyundo butu haisagi, hupondaponda. Mahindi na mashudu huzunguka ndani ya kinu muda mrefu, unga hutoka wa moto, mota hulemewa, na mwanachama hurudi nyumbani na chakula chenye chengachenga ambazo kuku huzidonoa na kuacha vumbi. Hasara hiyo haionekani katika stakabadhi yoyote.

Basi bei ya nyundo haipimwi kwa seti, hupimwa kwa gunia. Ikiwa, kwa mfano, seti ya shilingi 60,000 husaga magunia 400, kila gunia hubeba shilingi 150. Seti ya shilingi 120,000 isagayo magunia 1,200 hubebesha gunia shilingi 100 tu. Lakini hesabu hii haiwezekani bila daftari kando ya mashine: siku nyundo zilipofungwa, magunia yaliyosagwa, siku zilipogeuzwa. Chama kisicho na daftari hilo hununua kwa kubahatisha, hata kikikusanya hati kumi za bei.

Kuhusu chuma chenyewe, tupa ni shahidi mzuri. Ikipitishwa ukingoni mwa nyundo iliyotiwa ugumu huteleza. Kwenye chuma laini huuma. Hata hivyo ugumu ukienea mwili mzima, nyundo hupasuka ikutanapo na msumari, na kipande chake hutoboa chekeche. Iliyo njema ni ngumu nchani, na penye tundu la pini haivunjiki upesi. Kwa wasagao dagaa wenye mchanga au makombe, nyundo zilizochomelewa utando wa kabaidi ya tangsteni hustahili bei yake. Kwa mahindi safi pengine ni anasa. Mafundi wa mitaani hukata nyundo kutoka springi za lori. Chuma hicho ni kizuri, ila kikikatwa kwa moto wa gesi na kuachwa kipoe chenyewe, ugumu hupotea pale pale panapogonga. Fundi aulizwe kama amekipasha moto upya, akakizamisha katika mafuta, kisha akakipasha tena kwa kiasi.

Nyundo yenye tundu pande zote mbili ina pembe 4 za kutumika, nayo hugeuzwa zote zilike kabla ya kutupwa. Seti hubadilishwa kwa pamoja, na nyundo zinazokabiliana hupimwa uzito, tofauti isizidi gramu chache. Duka likataalo kupima mbele ya mnunuzi lisipewe fedha za wanachama. Kuchomeka nyundo moja mpya kati ya zilizolika, kwa kisingizio cha kubana matumizi, hutikisa rota, na beringi hufuata.

Chekeche hukaguliwa siku ile ile. Kingo za matundu zikiviringika, hugeuzwa ili nyundo zikute kingo zilizo kali bado. Matundu yakipanuka, haina tena kazi. Na sumaku ya mlangoni pa kinu ifutwe kila zamu, maana iliyojaa vyuma haishiki kingine.