Kipete Chini ya Nati



Mnamo tarehe 20 Agosti 2007, ndege aina ya Boeing 737-800 ya China Airlines, iliyotoka Taipei ikatua salama Naha, Okinawa, iliwaka moto mara ilipokwisha kuegeshwa, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu watu wote 165 waliokuwamo wakatoka hai kabla haijateketea. Wachunguzi wa Kijapani walipofukua asili ya moto ule, waliona kuwa katika bawa la kulia bolti moja ilichomoka kwenye reli ya kibawa cha mbele, kile kisogezwacho nje wakati wa kuruka na kutua, ikaangukia ndani ya ala ya reli hiyo iliyozama tangini. Na kibawa kiliporudishwa, reli ikaisukuma bolti hata ikatoboa tangi, mafuta yakabubujika.

Nati yake ilikuwapo. Kilichokosekana ni kile kipete bapa ambacho mafundi hukiita washa, na maadamu nati ilikuwa ndogo kuliko tundu, ikapenya. Tena, kwa kauli ya wachunguzi, yaelekea kipete hicho kilidondoka wiki chache kabla, mafundi walipokuwa wakiishughulikia nati ile ile kwa kufuata waraka wa mtengenezaji uliotahadharisha kuwa nati hizo hulegea! Hawakuasi amri, bali waliitii, mahali finyu ambapo jicho halifiki kwa urahisi. Na hilo, kwa rai yangu, latisha kuliko uzembe.

Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilitoa amri ya dharura siku tano baada ya moto ule, ukaguzi utimie katika siku 24. Kisha, sehemu zilizolegea zilipoonekana katika ndege nyingine, muhula ukapunguzwa kuwa siku 10. Muhula kama huo ulitajwa tena Juni 2019, ilipobainika kuwa reli za vibawa zipatazo 148 huenda zilitengenezwa kombo, nazo zikatakiwa kutafutwa katika ndege 312 duniani, yenye kasoro ing'olewe iwekwe nyingine. Siku kumi si nyingi kwa fundi ambaye meneja wa safari amemsimamia mlangoni akitazama saa.

Nanyi wahitimu wa ufundi wa ndege, mtakapopewa kurunzi, kioo cha mpini na karatasi ya kutia saini, kitieni kioo nyuma ya nati kwanza, mkakione kipete, wino utangoja.