Mafuta Yabebayo Manukato

Katika Kutoka sura ya 30, Musa aliagizwa kutengeneza mafuta matakatifu ya kupaka. Tunasoma ya kuwa aliambiwa atwae manemane shekeli 500, mdalasini 250, kane 250 na kida 500. Manemane ni utomvu wa mti wa miiba uotao nchi kavu, hata huku kwetu kaskazini mwa Kenya. Gome likikatwa, hudondoka kama machozi. Mdalasini na kida ni magome ya miti.

Lakini manukato hayo yote yalitiwa katika mafuta ya zeituni. Twajua kwamba mafuta ya mdalasini yakipakwa matupu huwasha na kuunguza ngozi. Kwa hiyo wajuzi huyapunguza makali kwa mafuta ya zeituni, nazi au ufuta.

Ndivyo ulivyo ukweli. Tumeona ndugu akionywa mbele ya kanisa, asirudi tena. Maneno yalikuwa ya kweli. Upendo wa kuyabeba haukuwako.

Basi, kabla hatujamwendea aliyeanguka, tujiulize: onyo letu tumelitia katika mafuta gani? Bwana atusaidie. Amina.