Jembe na Daftari: Kazi ya Wachimbuzi wa Mambo ya Kale

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Tulipoombwa kusema juu ya magofu ya pwani, yamkini wengi walitazamia habari za masultani na dhahabu. Dhahabu tutaigusa, lakini si sana. Twataka hasa kueleza kazi yenyewe jinsi ifanywavyo tangu asubuhi hata jioni, maana sisi makarani twaweza kuifahamu upesi kuliko watu wengi: ni kazi ya jembe kidogo na daftari nyingi.

Mpita njia hudhani kwamba wachimbuzi huchimba mashimo tu. Sivyo. Kwanza hupima mraba kwa kamba na vigingi, kisha hukwangua ardhi kidogo kidogo kwa mwiko wa mwashi. Ardhi ya mji wa kale hulala tabaka juu ya tabaka, kama barua katika jalada, za zamani chini na za jana juu. Rangi ya udongo ikibadilika, kazi husimama. Tabaka lile hupewa nambari, huchorwa, hupigwa picha, hupimwa kina chake, na hayo yote huandikwa. Udongo hupitishwa katika chekeche, na kila kigae, kila ushanga, kila mfupa wa samaki hutiwa katika mfuko wenye nambari ya tabaka lake. Baadaye vigae huoshwa, huanikwa, huhesabiwa, na kuandikwa nambari kwa wino. Siku nyingi hupita hivyo pasipo kuonekana kitu ambacho mtu angemwita mwenzake aje akitazame.

Na sababu ya uangalifu huo ni hii, kwamba mchimbuzi hukiharibu kile akisomacho. Sisi tukikosea katika kusoma jalada, twaweza kulifungua mara ya pili. Lakini tabaka likiisha kukwanguliwa halipo tena duniani. Lililobaki ni lile lililoandikwa. Kwa hiyo kuandika huchukua muda mrefu. Uchimbuzi wa Shanga, mji mahame katika kisiwa cha Pate, ulianza mwaka 1980 ukaisha 1988, na kitabu cha Mark Horton chenye habari zake kilitoka mwaka 1996.

Shanga tumeitaja makusudi. Kwa miaka mingi vitabu vilisema kwamba miji ya pwani ilijengwa na wageni waliotoka Arabuni na Uajemi, na kwamba watu wa bara hii waliikuta imekwisha kusimama. Kitabu cha James Kirkman juu ya Gedi, kilichotoka mwaka 1954, kiliuita mji huo wa Kiarabu katika jina lake lenyewe. Waandishi hao hawakuwa wavivu, walakini walitazama zaidi kuta za mawe na bakuli za Uchina, yaani vitu vionekanavyo kwanza.

Huko Shanga walichimba chini ya msikiti wa Ijumaa. Chini ya msikiti wa mawe walikuta misikiti mingine iliyoutangulia, mmoja chini ya mwingine, na ile ya chini kabisa haikuwa ya mawe bali ya miti. Miti yenyewe imekwisha kuoza zamani; kilichobaki ni alama za mashimo ya nguzo, duara za udongo mweusi katika mchanga, ambazo mtu mwenye haraka angezipitia kwa sepeto asijue amepita juu ya nini. Majengo hayo ni ya karne ya 8. Na vigae vilivyokuwa pamoja nayo, vya kigeni vilikuwa vichache, na vilivyo vingi mno vilifinyangwa papa hapa, kwa namna ionekanayo pwani nzima na hata bara. Felix Chami na wenzake wamevifuata vigae vya namna hiyo katika Tanzania. Basi mji ule haukushushwa jahazini ukiwa mzima. Ulianza kwa miti na udongo, na mawe yakafuata baadaye.

Wala tusikimbilie upande wa pili, tukadai kwamba hapakuja mtu. Mwaka 2023 ilitangazwa habari ya mifupa iliyozikwa katika miji ya pwani, iliyochunguzwa asili yake kwa njia ya vinasaba. Ilionekana kwamba wengi wa watu wale walikuwa na asili mbili, ya Afrika na ya Asia, hasa Uajemi. Na asili ya Afrika ilitoka zaidi upande wa mama. Kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000. Yule aliyesema wageni peke yao amekosa, na asemaye wenyeji peke yao naye asijisifu.

Neno moja zaidi kwa heshima ya wale wa kwanza. Neville Chittick aliyechimba Kilwa Kisiwani aliandika majuzuu mawili, yaliyotoka mwaka 1974. Wako wengi wasiokubali maoni yake, lakini wanapotaka kumpinga hufungua majuzuu yale yale, kwa kuwa tabaka na vigae vimeandikwa humo. Karani gani asingependa kusifiwa hivyo?

Sasa tuseme juu ya fedha. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu katika Pemba, wachimbuzi waligundua akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, zenye majina ya watawala wa pwani. Sarafu hizo hazikuandikwa mwaka. Lakini pamoja nazo palikuwa na dinari chache za dhahabu za Mafatimiya, na hizo zina mwaka. Kwa kuonekana mahali pamoja, zilizo bubu zilipata umri, ikajulikana kuwa ni za karne ya 11. Lau mtu angaliikuta akiba ile peke yake akaziuza dinari kwa sonara, zile za fedha zingalibaki hazina umri hata leo.

Linganisheni na sarafu nyingine. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota mchangani, katika kisiwa cha kaskazini ya nchi yake, sarafu kadhaa, na tano kati yake zilikuwa za Kilwa. Akaziweka, hata mwaka 1979 ndipo zilipopelekwa kwa wataalamu. Ni za Kilwa kweli. Lakini zilifikaje huko, na lini? Hazikutoka katika tabaka lolote lililoandikwa, na kila mtaalamu husema lake.

Kuna jambo moja la madaftari haya lisilotupendeza. Katika vitabu vingi vya zamani mmeandikwa kina cha kila handaki, bali majina ya waliolichimba hayamo. Jina la Kamoya Kimeu, aliyeona mwaka 1984 kipande cha kwanza cha mifupa ya yule kijana wa Turkana, limejulikana ulimwenguni. Lakini wangapi walioshika mwiko na chekeche hawakuandikwa popote?

Wengi wetu twakaa katika wilaya zenye magofu, na watu huleta vitu ofisini. Sheria ipo, Tanzania tangu mwaka 1964 na Kenya ile ya mwaka 2006. Lakini kabla hatujamwandikia mkubwa yeyote, yatupasa kumwuliza aliyeleta: umekiona kijiji gani, karibu na mti au kisima gani, kina cha magoti au cha kiuno, kilikuwa pamoja na nini, siku gani? Tuyaandike hayo mbele yake pamoja na jina lake, kisha tumwombe asirudi kuchimba hapo mpaka watakapokuja wenye kazi yao. Na kama ni sarafu, isisuguliwe kwa mchanga wala kwa ndimu.