Taa ya Samaki na Taa ya Chombo: Usalama wa Vyombo Vidogo Usiku



Usiku wa giza, bahari ya Mangapwani au Bagamoyo hung'aa kama mji. Wavuvi wa dagaa hutoka siku ambazo mwezi haupo, kwa kuwa mbalamwezi hupunguza nguvu ya taa zao. Zamani zilikuwa karabai. Leo ni taa za LED na betri. Hoja yangu ni kwamba taa hizo, kwa wingi wake wote, hazimlindi mvuvi. Zimewekwa kumwita dagaa. Hazimwambii nahodha wa chombo kingine kwamba wewe unakwenda au umesimama, wala omo yako imeelekea wapi.

Kazi hiyo ni ya taa za chombo: nyekundu kushoto, ya kijani kulia, nyeupe ya nyuma tezini, na chombo cha injini huongeza nyeupe ya mbele, juu ya hizo. Ukiona nyekundu na kijani kwa pamoja, chombo kinakujia. Ukiwa unaendesha injini, ukaona upande wako wa kulia taa nyekundu ya chombo kingine cha injini kinachokatiza mbele yako, ni wewe wa kumpisha. Na mashua iliyotweka tanga huku injini inafanya kazi huhesabiwa kuwa chombo cha injini.

Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972 zinataka taa hizi ziwake tangu jua linapozama hadi linapochomoza, na hata mchana mvua au ukungu unapoziba macho. Chombo kinachovua kwa nyavu zisizo za kukokota huonyesha taa mbili zinazoonekana pande zote, nyekundu juu, nyeupe chini. Kanuni hizo hazikumsahau mnyonge. Chombo cha tanga kisichofika mita 7, au cha makasia, kisipoweza kufunga taa hizo, kiwe na tochi au fanusi yenye mwanga mweupe karibu na mkono, iwashwe mapema kabla ya hatari. Mwenye ngalawa amulike tanga lake: kitambaa kilichomulikwa huonekana vizuri kuliko nukta ya tochi. Asimmulike mwenzake machoni.

Hapa ndipo taa ya dagaa inapoleta madhara. Kanuni zinakataza taa yoyote inayofunika taa za chombo au kumzuia mlinzi kuona. Jicho huhitaji kama nusu saa kuzoea giza kikamilifu, na mwanga mkali huharibu mazoea hayo mara moja. Mvuvi aliyekaa chini ya taa kali haioni meli inayokuja. Anaona weupe, na nyuma yake ukuta mweusi. Kwa hiyo taa ya samaki ivikwe kifuniko, imulike majini tu. Taa ya chombo ipande juu ya mlingoti au mti, ambako vichwa vya watu na tanga havitaiziba, na iwe na betri yake. Betri moja ikitumika kwa kazi zote mbili, alfajiri wakati wa kurudi itakuwa imekwisha.

Msitegemee kuonwa na rada. Mbao hurudisha mawimbi yake kwa udhaifu. Meli inayokwenda maili 15 za bahari kwa saa humaliza maili moja kwa dakika 4, na kwenye meli kubwa bahari iliyo mbele ya omo inaweza kufichika kwa nahodha hadi mita 500. Atakayeiwasha tochi meli ikiwa imeshafika hapo atakuwa amechelewa.

Najua mafuta na nyavu vinamaliza fedha, na nimesikia wanaosema taa nyekundu na kijani ni za meli. Sikubaliani nao. Tajiri anayenunua taa kadhaa za kuvulia hawezi kusema ameshindwa taa chache ndogo za kuwarudisha watu nyumbani.

Ninawaomba viongozi wa BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa fukwe, na wenye vyombo muanze jioni ya leo: taa ya chombo iwashwe na kukaguliwa pwani, mbele ya nahodha, na chombo kisicho nayo kisisukumwe majini.