Kipimo Kimfuate Mtu Aliko
(Maneno ya Katibu mbele ya wanachama, Itiryo)



Habari za magunia na bei Mweka Hazina amekwisha kuzieleza. Sisi wa ofisi twaomba radhi kusema jambo ambalo kwa miaka kumi hatukulitia katika ajenda hata mara moja: kupima virusi vya UKIMWI.

Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wenye virusi hivyo Tanzania, wapatao 83 tu ndio waliojua hali zao. Wakisha kujua, karibu wote hutumia dawa. Basi penye shida si dawani, ni mlangoni. Na wanaoukwepa mlango huo aghalabu ni wanaume.

Nasi twawajua. Kijana wetu yuko machimboni Nyamongo tangu alfajiri. Mwenye pikipiki hulala njiani. Mwingine akaa karibu kabisa na zahanati, lakini muuguzi ni shemeji yake, na benchi la kungojea latazamwa na kijiji kizima. Hata sisi tusemao tumelipita benchi hilo mara nyingi bila kuketi.

Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2019, mtu ana ruhusa ya kujipima mwenyewe. Kipimo cha kinywani hakina sindano. Mtu hukaa dakika 15 bila kula wala kunywa, hupitisha kijiti mara moja juu ya ufizi wa juu na mara moja wa chini, hukitia katika kichupa chenye maji yake, kisha husoma baada ya dakika 20, wala asipitishe 40. (Kijiti hutafuta askari wa mwili, si virusi, asitokee mtu kusema kikombe huambukiza.) Mistari miwili si hukumu, ni wito wa kwenda kituoni kupimwa tena. Anayetumia dawa za virusi asikitumie, kwani kitamdanganya.

Huko Kisumu, kwa jirani zetu, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 uliwapa wajawazito na wazazi vipimo vya kupeleka nyumbani: wenzi wao 91 katika kila 100 walipimwa. Waliopelekewa barua ya mwaliko tu, 52. Lakini mama anayeogopa kipigo asibebeshwe mzigo huo. Kipimo na kimfikie mume kwa njia nyingine.

Kwa hiyo twaomba mkutano ukubali kwamba siku za malipo ya kahawa, wanaume wanapokusanyika wenyewe bila kuitwa, tuwaalike wahudumu wa afya waje ghalani na vipimo na maelezo yake. Anayetaka achukue, aende nacho kwake au machimboni. Ofisi isiandike jina la mtu, wala karani asiulize majibu, wala malipo ya mtu yasicheleweshwe kwa kuwa amekataa.

Chumba cha nyuma ya mizani kina mlango wake. Tumekwisha kukifagia.