Kazi ya Benki Kuu

Kabla ya Juni 1966, shilingi iliyozunguka Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ilikuwa moja, nayo ilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, ambayo makao yake kwa miaka mingi yalikuwa London, na ambayo, kusema kweli, kazi yake haikuzidi sana ile ya mbadili fedha: ukileta pauni, wapewa shilingi. Benki Kuu ya Tanzania, iliyoanza kazi mwezi huo chini ya Gavana wake wa kwanza, Edwin Mtei, ilirithi kazi hiyo ikaongezewa iliyo nzito zaidi, yaani kukadiria fedha zilizomo mikononi mwa raia, zisije zikazidi bidhaa zilizomo sokoni, bei zikapanda. Haipokei amana ya mtu binafsi. Wateja wake ni Serikali na mabenki. Tangu Januari 2024 ala yake kuu ni riba: ikiipandisha, mabenki hukopeshana kwa ghali, na ughali huo, baada ya muda, humfikia tajiri wa duka atakaye mkopo. Atanung’unika, wala si ajabu; ila hukumu ya kumkopesha au kumnyima si ya Benki Kuu, ni ya benki yake.