Mto Kikafu: Mwendo Wake na Majina ya Maji Yake



Kumbukumbu ya miaka mia moja huhesabu wachungaji, majengo na kengele. Ni haki kuuhesabu na mto. Kabla ya usharika kuwapo, Kikafu ulikwisha kuigawa nchi: Machame mashariki, Masama magharibi. Wamisionari wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893, waliikuta mifongo, ile mifereji iliyochimbwa na koo ili kuyatoa maji makorongoni na kuyafikisha vihambani.

Kikafu huanzia miteremko ya kusini-magharibi ya Kilimanjaro. Wengi hudhani kuwa maji yake ni theluji iyeyukayo. Sivyo. Sehemu kubwa hutoka msituni, ambako ardhi hunywa mvua na ukungu, kisha huyarudisha maji kwa njia ya chemchemi. Barafu ya Kibo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912. Aukataye msitu huivunja ghala yenyewe.

Jina la Kikafu haliifikii bahari. Mto ukiisha kuivuka barabara ya Moshi na Arusha, huingia Kikuletwa, uletao maji ya Meru. Kikuletwa nao huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960, ambamo hukutana na Ruvu utokao ziwa Jipe. Kutoka hapo maji yote huitwa Pangani, nayo huzungusha mitambo ya umeme ya Hale, hata kufika Bahari ya Hindi. Majina hubadilika, maji ni yale yale.

Katika Mwanzo 26, Isaka alivifukua visima vya babaye akavipa majina yale yale ya kwanza. Kisha watumishi wake wakachimba vingine. Kilichogombewa kiliitwa Eseki, cha pili Sitna. Kile ambacho hakikugombewa kikaitwa Rehobothi. Hivyo jina la maji hutunza habari za watu waliokaa kando yake.

Wakati wa kiangazi, mkulima wa tambarare huingoja zamu ya maji ambayo yamekwisha kufungwa huko juu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hukataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini sheria hailindi mlango wa mfongo usiku. Asimamaye hapo ni jirani, na mara nyingi ni Mkristo. Jumapili, wa juu na wa chini hukinywea kikombe kimoja mezani pa Bwana. Jumatatu hawana budi kugawana mto mmoja.

Watoto wa miaka mia ijayo watalirithi jina la Kikafu. Kama watauita moyoni Sitna au Rehobothi, hilo huamuliwa sasa, penye mifongo na ukingoni.

Mungu aubariki usharika huu. Amina.